Kila mtu unampa pole, na wewe je?

Mtu akijikwaa mbele yako hata kama humjui, mdomo unasema "pole" kabla hata hujafikiria. Ila ukijikwaa wewe, yani umesahau ahadi, umefeli mtihani, umemjibu mtu vibaya, neno la kwanza kutoka ni lipi? Kwa wengi wetu ni "mjinga wewe", "si nilijua tu", "kila siku uko hivohivo". Hayo ni masimango jamani, na angekuwa mtu mwingine anakusimanga hivyo kutwa nzima ungeshahama hiyo nyumba.

Mimi nimeishi na masimango yangu miaka mingi nikiamini ndo yananisukuma. Kuna siku nilituma ripoti kazini, namba moja nimekosea, ikarudishwa, nikairekebisha kama dakika 5 hivi na mambo yakaisha. Ila saa nane usiku bado niko macho natazama dari, narudia yaleyale, unatia aibu, hufai, watakuonaje. Kesho yake nikaogopa hata kufungua imeili na kazi ya siku ile nikaipeleka imechelewa. Hapo ndo nikajiuliza, hivi huku kujisimanga kunanisaidia nini hasa?

Najua kinachowatisha wengi, kwamba nikijionea huruma si nitabweteka? Mwaka 2012 watafiti Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley waliwapa wanafunzi jaribio gumu la msamiati, wakafeli, kisha baadhi wakahimizwa wajichukulie kwa upole kuhusu kule kufeli, na hao ndo waliokaa kusoma muda mrefu zaidi kabla ya kurudia. Ukikaa ukafikiria ina mantiki kabisa. Mtu anayeshambuliwa anatafuta pa kujificha, hana nafasi ya kujifunza, na mwanasaikolojia wa Uingereza Paul Gilbert ameeleza vizuri kwamba ukijishambulia kwa maneno unaamsha ndani yako ule mfumo uleule wa kujihami na hatari, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, ila hapa anayepiga na anayepigwa ni mtu mmoja, utamkimbilia nani?

Na tuelewane, sizungumzii kule kujiliza, "mimi tu ndo nina mikosi, mimi tu ndo naonewa". Kule unajitenga na watu. Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, ambaye amelitafiti hili la kujionea huruma tangu miaka ya 2000 mwanzoni, anasema lina mambo 3: upole kwa nafsi yako, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa binadamu wote, na kuyaona maumivu yako kama yalivyo bila kuyakuza wala kuyafukia.

Sasa unaanzaje. Siku 3 za kwanza usibadilishe chochote, sikiliza tu. Beba kidaftari au tumia simu, kila ukijisimanga andika maneno yenyewe kama yalivyotoka, usiyapambe wala usiyapunguze makali. Afu jioni kaa mahali peke yako, mfikirie mdogo wako au rafiki unayempenda sana, soma yale maneno kwa sauti kana kwamba unamwambia yeye. Mimi nilifika mstari wa pili sauti ikakata. Sikuweza kumwambia mdogo wangu "hufai", na kumbe mimi nilikuwa nimejiambia mara 4 kabla ya saa sita mchana.

Ukishaisikia ile sauti, ndo unaanza kujipa pole, na ujipe kwa jina. Sema jina lako kabisa, "pole fulani, leo imekuwa ngumu, umeona aibu mbele za watu". Mwanzoni utajisikia wa ajabu, endelea tu. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wanaojisemesha kwa jina lao badala ya "mimi" wanapungukiwa wasiwasi wanapokabili jambo la kutisha kama kuhutubia, ni kama unapata hatua mbili za kujitazama kwa mbali. Na uitaje ile hisia yenyewe, ni aibu, ni hofu, ni uchovu, usiishie kusema "sijiskii poa". Ukiwa na nafasi weka mkono kifuani na upumue, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Usijidanganye lakini. Ukikosea usijiambie "uko vizuri sana", moyo unajua na utabisha. Sema ukweli wote, "nimekosea hapa", na uishie hapohapo kwenye tendo, usivuke kwenda "mimi ni mtu wa hovyo". Kuteleza si kuanguka. Afu ongeza swali moja ambalo kwangu ndo limebeba kila kitu: "sasa tunafanyaje?" Hiyo "tu" ya mwanzo wa "tunafanyaje", yani sisi, naipenda sana maana inakuweka upande wako mwenyewe. Kama kuna mtu umemuumiza jibu mara nyingi ni kwenda kumuomba msamaha, kujipa pole hakufuti hilo, kunakupa tu nguvu ya kwenda.

Kitu kingine, usishtuke ikiuma zaidi mwanzoni. Mtu aliyekaa miaka bila neno zuri akilipata anaweza kulia, na pengine ndo unagundua ile sauti kali sio hata yako, ni ya mtu aliyekulea au mwalimu fulani wa zamani. Christopher Germer, mwanasaikolojia anayefundisha mambo haya, anafananisha na chumba kinachoungua kikiwa kimefungwa, ukifungua mlango ghafla hewa inaingia na moto unalipuka. Kwa hiyo fungua kidogokidogo, dakika 2 zinatosha, ukizidiwa acha ufanye kitu cha mikono, kafue, katembee. Na kama sauti inakuambia ujidhuru au bora usingekuwepo, hilo usilibebe peke yako na kidaftari, mwambie mtu leo hii na mtafute daktari au mshauri nasaha.

Utasahau pia. Itapita wiki nzima umejisimanga kama zamani, afu likuje simango jipya kabisa, "ona, hata hili limekushinda". Na hilo liandike kwenye kidaftari kama mengine, na pembeni yake andika pole yako, kwa jina.