Umeokoka, sawa, sasa yale ya zamani unayaachaje?

Tatizo la mafundisho mengi ya kuacha dhambi ni kwamba unaambiwa acha, acha, acha, alafu basi, hamna anayekaa chini na wewe kukuonesha unaachaje. Jumapili umetubu mpaka machozi, Jumatatu usiku meseji inaingia kutoka kwa mtu yuleyule na kidole kinajibu kabla hata akili haijajua. Kwa iyo hapa sitaongelea sana hisia, naongelea vitu vya kufanya kwa mikono yako wiki hii hii, mana neema ya Mungu ndo inaokoa lakini namba kwenye simu yako utaifuta wewe, malaika hashuki kukufutia.

Anza kwa kutubu kwa majina. Ile sala ya "Bwana nisamehe makosa yangu yote" ni nzuri ila ni rahisi mno kujificha ndani yake. Chukua karatasi uandike: uongo wa kazini, kubeti, picha chafu, umbea, mdomo mchafu ukikasirika, huyo mtu ambae sio mke wako wala mume wako. Mithali 28:13 inasema anayefanikiwa kupata rehema ni yule anayeziungama na kuziacha, vyote viwili. Alafu pembeni ya kila moja andika lini, wapi na nani. Hapo ndo utashangaa, mana wengi wetu hatutendi dhambi ovyo ovyo, tuna ratiba kabisa: ni Ijumaa jioni, ni siku ya mshahara, ni saa tano usiku ukiwa peke yako kitandani na simu, ni kila ukigombana na mtu wa nyumbani. Ukishaijua saa yake umejua pa kuweka ulinzi. (Ukimaliza kuomba ichane hiyo karatasi, sio lazima mtu mwingine aiokote.)

Ukishajua mlango, ufunge, na ufunge ukweli. Warumi 13:14 inatukataza kuuangalia mwili hata kuwasha tamaa zake, yani usiutengenezee mazingira. Tunajuana jamani, mtu anafuta namba ya mchepuko huku ameiacha kwa jina la "Fundi Bomba", anafuta apu ya kubeti lakini akaunti ina salio na nywila anaikumbuka. Hiyo sio kuacha, hiyo ni likizo. Funga akaunti yenyewe, bloku namba, toka kwenye lile grupu la picha za ajabu ajabu hata kama wataona "ametoka", na usiku simu ilale chumba kingine. Watu wa Efeso kwenye Matendo 19 walikuwa wameshaamini tayari na bado vitabu vya uganga walikuwa navyo ndani, wakaja wakaungama, wakavileta na kuvichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilihesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza hela ikasaidia kanisa, hawakufanya hivyo! Na Yusufu, siku mke wa bosi wake Potifa alipomshika nguo akitaka alale naye, hakukaa kujadiliana wala kumshauri yule mama, aliacha vazi akatoka mbio.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wengi wanairuka, kurudisha vya watu. Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru kwenye Luka 19, hakuishia kufurahi kwamba Yesu kaingia kwake, alisimama akasema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Torati kwa mtu aliyeungama mwenyewe ilikuwa inadai arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7), mara nne ilikuwa ni ya mwizi wa kondoo, na Zakayo akajipigia ile hesabu kubwa bila kulazimishwa. Kwa iyo kama una deni ulilolikimbia, au kitu cha watu, au jina la mtu ulilichafua kwa maneno, anza hapo. Meseji haihitaji mahubiri, andika hivi: "Kaka, ile hela yako sijaisahau, nilikosea kukukwepa na kukuzimia simu, naomba unisamehe, nitakuwa nakulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi kuanzia mwezi huu." Alafu ulipe kweli. Usiweke "shetani alinipitia", usieleze ugumu wa maisha, usimuombe akusamehe deni kwa vile sasa hivi we ni mpendwa. Kama ulimsingizia mtu mbele ya watu, kanusha mbele ya hao hao, sio kumnong'oneza yeye peke yake pembeni.

Lakini tumia busara. Yapo mambo ambayo kuyasema hovyo kunamuumiza asiyehusika, na yapo ambayo yana sheria ndani yake, hapo ongea kwanza na mchungaji au mtu mzima wa kiroho anayejua kutunza siri, na kama ni kosa la kisheria muulize na mwanasheria pia, lengo likiwa kulibeba sio kulikwepa. Na kama ulimuumiza mtu vibaya kiasi kwamba kukuona tu ni hofu kwake, usimfuate eti unataka amani yako, mwache na utulivu wake. Alafu hili naomba lisikike: kuokoka sio kutelekeza watoto. Huyo mama au baba mliyezaa naye kabla, mahusiano ya kimwili yanaisha kama hamna ndoa, ila matunzo ya mtoto hayaishi, na kama njia iko wazi kafungeni ndoa.

Ukishatoa, jaza. Yesu kwenye Mathayo 12 alisimulia pepo aliyetoka, akarudi akakuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaleta wenzake saba wabaya kuliko yeye. Nyumba ilikuwa safi kabisa, shida ilikuwa utupu. Paulo pia hakumwambia mwizi aache tu, kwenye Waefeso 4:28 alimwambia afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Kwa iyo rudi kwenye karatasi yako, Ijumaa jioni ile sasa ina nini? Kama haina kitu utarudi kulekule. Weka kwaya, weka ibada ya katikati ya wiki, weka mazoezi au kwenda kumuona mgonjwa. Hela uliyokuwa unawekea mkeka wa kubeti igawe kwa mhitaji siku ileile inapoingia. Biblia kama ni mgeni anza na Marko, ina sura 16 tu na inaenda haraka.

Marafiki wa zamani watakushangaa na watakutukana, Petro aliandika hivyo wazi (1 Petro 4:4), usiwachukie wala usijifanye malaika mbele yao, salimia, saidia, ila usikae kwenye meza iliyokuwa inakuangusha. Nyumbani nako usianze kuhubiri, wamekujua miaka yote, waache waone kwanza unarudi mapema na hupigi kelele.

Kwa walevi wa kila siku na wanaotumia madawa: ombeni, na hospitali nendeni. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka na hata kupata degedege, ni hatari ya kweli, na kumeza dawa ya daktari sio kupungukiwa imani.

Na ukianguka? Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba na kuinuka tena. Usisubiri Jumapili, tubu hapohapo, alafu siku hiyohiyo mpigie mtu mmoja uliyemchagua mapema wa kukusimamia, wa jinsia yako, asiyeshtuka na asiyepeleka maneno. Mwambie, "Nimerudia lile jambo jana usiku, naomba tuombe, na leo niulize saa nne usiku simu yangu iko wapi." Akiuliza, mjibu ukweli.