Jinsi ya kuipima kampuni ya silaha: maadili, watu na mazingira

Ripoti ya uendelevu ya kampuni kubwa ya silaha mara nyingi huzidi kurasa mia moja: picha za wahandisi vijana, idadi ya miti iliyopandwa, ahadi za mwaka 2050. Isome, ila isome mwisho. Humo kampuni inasema inachotaka kusema. Anza na karatasi ambazo sheria inailazimisha kuziandika, ambazo uongo ndani yake unaweza kumfikisha mkurugenzi mahakamani: hesabu zilizokaguliwa pamoja na maelezo yake ya nyuma, taarifa kwa wasimamizi wa soko la hisa, majalada ya kesi na vibali vya mazingira. Kwa kampuni moja kubwa tenga siku kumi za kazi. Ukitenga mbili utaishia kunakili ripoti yao.

Chora mipaka kwanza

Tathmini nyingi huharibika mapema kwa sababu mpimaji amepima jina badala ya kampuni. Chora mti wa umiliki: kampuni mama, kampuni tanzu, na ubia. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Marekani, kiambatisho namba 21 cha ripoti ya mwaka (fomu 10-K, inayopatikana bure kwenye EDGAR, mfumo wa nyaraka wa msimamizi wa soko la hisa la Marekani) hutaja kampuni tanzu muhimu. Kwa Uingereza, daftari la Companies House ni bure pia. Ubia uangalie kwa jicho kali. Kampuni ikimiliki asilimia 49 ya kiwanda cha risasi, mara nyingi majeruhi na moshi wa kiwanda hicho havimo kwenye hesabu zake, ingawa faida imo.

Kisha andika silaha ni asilimia ngapi ya mapato. Orodha ya kampuni 100 kubwa inayotolewa kila mwaka na SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, inaonyesha mapato ya silaha peke yake na sehemu yake katika mapato yote. Mtengenezaji wa ndege za abiria mwenye asilimia 20 ya silaha hawezi kuwekwa mizani moja na mwenye asilimia 90.

Bidhaa na wanaozinunua

Hapa ndipo utumie nusu ya muda wako. Kampuni inaweza kuwa na ofisi safi, mishahara mizuri na umeme wa jua, huku bomu lake likiangukia soko. Hakuna alama ya mazingira inayofidia hilo.

Pitia bidhaa moja moja ukizilinganisha na mikataba ya kimataifa: silaha za kibiolojia (mkataba wa 1972), za kemikali (1993), mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu (1997), mabomu ya mtawanyiko (2008, ulioanza kutumika Agosti 1, 2010) na silaha za nyuklia (2017, ulioanza kutumika Januari 22, 2021). Usitafute bomu zima tu. Tafuta fyuzi, maganda, vifaa vya kuongozea, na mikataba ya matengenezo. Kampuni inayosema "hatutengenezi silaha za nyuklia" inaweza kuwa ndiyo inayoutunza mfumo wa kombora linalobeba kichwa cha nyuklia.

Amua mapema, na uandike, kama unapima kwa sheria ya nchi ya kampuni au kwa mkataba wenyewe. Marekani, Urusi na China hazijajiunga na mkataba wa mabomu ya mtawanyiko, kwa hiyo kampuni ya huko inaweza kuyatengeneza bila kuvunja sheria ya kwao. Mpimaji asiyeamua mapema huishia kuihukumu kampuni moja kwa kipimo hiki na nyingine kwa kile.

Baada ya bidhaa, wanunuzi. Hifadhidata ya SIPRI ya uhamishaji wa silaha inaanzia mwaka 1950 na inaonyesha nani alimpelekea nani nini. Ina mitego miwili. Inahusu silaha kubwa: ndege, vifaru, makombora, meli. Bunduki za kawaida huzikuti humo. Na thamani zake ni kipimo maalumu cha uwezo wa kijeshi, wala haziwakilishi bei iliyolipwa. Ukiziandika kama dola umeharibu jedwali zima. Jazia na Rejesta ya Umoja wa Mataifa ya Silaha za Kawaida na takwimu za leseni zinazochapishwa na serikali za nchi zinazouza.

Sasa weka tarehe mbili katika mstari mmoja. Ya kwanza ni siku ambayo ripoti ya kuaminika, kwa mfano ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ilionyesha silaha za aina hiyo zikitumika dhidi ya raia. Majopo haya mara nyingi hupiga picha vipande vya mabomu pamoja na namba zake. Ya pili ni siku ya shehena iliyofuata, au ya kuongezwa kwa mkataba wa vipuri na mafundi. Kama ya pili imekuja baada ya ya kwanza, umepata swali lako kuu: kampuni ilijua nini, nani alikaa kuamua, na alibadilisha nini? Usisahau vipuri. Ndege ya kivita haikai angani muda mrefu bila mafundi na vipuri vya aliyeiunda, na hiyo ndiyo nguvu ya kampuni juu ya mnunuzi hata baada ya mauzo.

Jibu utakalopewa karibu kila mara ni kwamba serikali ilitoa leseni. Usiliache lipite. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu zinaweka wazi kuwa wajibu wa kampuni kuheshimu haki hizo unasimama wenyewe, iwe serikali imetimiza wajibu wake au haikutimiza. Na leseni yenyewe inaweza kuwa na kasoro: Juni 2019 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba utaratibu wa kutoa leseni za silaha kwenda Saudi Arabia ulikosea kisheria, kwa kuwa serikali haikutathmini kama kulikuwa na ukiukaji wa sheria za vita uliokwisha kutokea huko Yemen.

Kwa hiyo uliza: je, mmewahi kukataa mauzo ambayo serikali ingeyaruhusu? Mangapi katika miaka mitano? Kamati inayochuja inaripoti kwa bodi au kwa mkurugenzi wa mauzo? Kampuni yenye mchujo wa kweli hutoa idadi, hata ikificha majina.

Fuata malipo ya mawakala

Hongo ya silaha haiandikwi "hongo" kwenye vitabu. Iangalie kwa karibu kesi ya rada ya Tanzania. Desemba 2010, mahakamani London, BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza iliyouza rada hiyo, ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu zinazotosha kueleza malipo kwa wakala. Mkataba wa 1999 ulikuwa wa takriban dola milioni 40, na kampuni za wakala zilipokea takriban dola milioni 12.4, karibu thuluthi moja ya bei. Vitabuni malipo hayo yaliandikwa kama huduma za kiufundi. Kampuni ilipigwa faini ya pauni 500,000 na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Kumbuka kosa lenyewe: halikuwa hongo, lilikuwa uandishi wa vitabu. Anayetafuta tu hukumu zenye neno "rushwa" angeipita kesi hii bila kuiona.

Kwa hiyo katika majalada tafuta maneno "mshauri", "huduma za kiufundi", "masoko" na "kamisheni", halafu linganisha kiasi na thamani ya mkataba. Januari 2020 Airbus ilikubali kulipa takriban euro bilioni 3.6 kwa mamlaka za Ufaransa, Uingereza na Marekani, na kiini kilikuwa kilekile, watu wa kati. Angalia pia ofseti, yaani ahadi ya muuzaji kuwekeza katika nchi ya mnunuzi. Fedha hizo hupita nje ya bei ya silaha na hukaguliwa kidogo. Uliza mradi upi, mnufaika nani, na nani alimchagua.

Fahirisi ya kampuni za ulinzi ya mwaka 2020 ya Transparency International, shirika linalopiga vita rushwa, ilipima kampuni 134 na kuzipa madaraja ya A hadi F. Ni mwanzo mzuri, lakini ilipima zaidi kile ambacho kampuni imechapisha. Sera nzuri ya kupokea malalamiko inapata alama hata kama simu haipigwi. Omba namba: malalamiko mangapi yamepokelewa, mangapi yamethibitika, wangapi wamefukuzwa, mawakala wangapi wamekataliwa baada ya uchunguzi. Wafanyakazi 50,000 na malalamiko matatu kwa mwaka maana yake ni kwamba watu wanaogopa. Malizia na orodha ya Benki ya Dunia ya waliofungiwa zabuni na ile ya serikali ya Marekani kwenye SAM.gov, ukitumia majina yote ya ule mti wako wa umiliki.

Watu wa kiwandani na wa migodini

Kiwango cha majeruhi kina fomula mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linalorudiwa zaidi. Ya Kimarekani ni idadi ya majeruhi mara 200,000 ugawe kwa saa zilizofanywa kazi (hizo ni saa za watu 100 kwa mwaka). Nyingine hutumia saa 1,000,000. Kiwanda chenye majeruhi 24 katika saa 3,200,000 kinapata 1.5 kwa ya kwanza na 7.5 kwa ya pili, na ni kiwanda kilekile. Angalia pia kama vibarua na wakandarasi wadogo wamehesabiwa, na kama ni majeruhi wote au wale tu waliokosa siku za kazi.

Kwa viwanda vya vilipuzi usiutegemee wastani. Miaka inaweza kupita kwa utulivu, halafu dakika moja ikaondoa kila kitu: mlipuko wa Oktoba 2025 katika kiwanda cha vilipuzi huko Tennessee, Marekani, uliua watu 16. Huko pima ripoti za matukio yaliyokaribia kuwa ajali, umbali kati ya majengo, na idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwa jengo moja na vilipuzi.

Kuhusu madini, bati, tungsteni, tantalamu na dhahabu vimo katika elektroniki na risasi. Uchimbaji wake huweza kufadhili makundi yenye silaha huko Kongo, na sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka kampuni zinazohusika kuwasilisha kila mwaka fomu SD, taarifa ya chanzo cha madini hayo. Fungua kiambatisho chake, tafuta orodha ya viwanda vya kuyeyusha madini, na uhesabu ni vingapi havijathibitishwa na mkaguzi huru. Kampuni isiyotaja hata kiwanda kimoja haijafuatilia.

Sumu ya zamani na hewa ukaa ya leo

Viyeyushi vya kusafishia vyuma kama trikloroethilini, perklorati ya mafuta ya roketi, kromiamu ya rangi za ndege na kemikali za PFAS (zisizooza kwa urahisi) za povu la kuzimia moto: hivi ndivyo vinavyobaki kwenye maji ya ardhini miongo mingi baada ya kiwanda kufungwa. Trikloroethilini husababisha saratani. Perklorati huzuia tezi ya shingoni kupata madini joto. Huko Bethpage, New York, ambako kampuni ya Grumman ilitengeneza ndege za kivita na chombo kilichowashusha wanadamu mwezini, wingu la sumu chini ya ardhi lina urefu wa zaidi ya kilomita 6.

Katika maelezo ya hesabu tafuta kipengele cha dhima za mazingira. Chukua miaka mitano na utazame kiasi kilichotengwa kwa usafishaji. Kikipanda kila mwaka huku kampuni ikisema kazi inaendelea vizuri, makadirio ya awali yalikuwa ya chini mno. Kisha tazama upande wa mali: baadhi ya kampuni za Marekani huandika hapo sehemu ya gharama hiyo itakayorudishwa kupitia bei za mikataba ya serikali. Maana yake mlipakodi ananunua ndege na anasafisha kisima kwa bili moja. Kwa ukaguzi na adhabu za kiwanda kimoja kimoja Marekani, tumia mfumo wa ECHO wa mamlaka ya mazingira.

Kwenye gesi joto, ruka moja kwa moja hadi kundi la tatu (Scope 3, yaani gesi zinazotoka nje ya shughuli za kampuni yenyewe), kipengele cha 11, matumizi ya bidhaa zilizouzwa. Kwa mtengenezaji wa injini za ndege hapo ndipo penye sehemu kubwa kabisa, na hapo ndipo wengi huacha nafasi wazi kwa kisingizio cha siri za kijeshi. Kampuni yenye nia hukadiria kwa saa za kawaida za injini na kueleza makisio yake.

Kuandika matokeo

Usitoe wastani. Weka vizuizi kwanza: silaha zilizopigwa marufuku, au kuendelea kuuza baada ya ushahidi wa matumizi dhidi ya raia. Anayekwama kwenye kizuizi amekwama, hata akiwa na alama nzuri za umeme wa jua. Kisha toa alama tatu tofauti, za maadili, watu na mazingira, kila moja ikiwa na daraja la ushahidi: hukumu au hesabu zilizokaguliwa juu, taarifa za taasisi huru katikati, kauli ya kampuni chini. "Hakuna taarifa" iandikwe hivyo hivyo; ukiipa alama ya kati umeizawadia kampuni kwa kunyamaza.

Jihadhari na alama za uendelevu zinazouzwa kwa wawekezaji. Nyingi hulinganisha kampuni na wenzake wa sekta tu. Hata viwango vya SASB (vya kuripoti uendelevu kwa wawekezaji) kwa sekta hii, ambavyo vinauliza vizuri kuhusu taka hatari na mapato kutoka nchi zenye hatari kubwa ya rushwa ya kijeshi, havina kipengele kinachouliza silaha zilitumika dhidi ya nani.

Kabla ya kuchapisha, ipelekee kampuni matokeo yote pamoja na nyaraka ulizotumia, na uipe siku 21 za kujibu. Ikileta waraka mpya, badilisha alama na useme kwa nini. Ikileta barua ya mwanasheria isiyo na waraka wowote, iambatanishe na uache alama palepale.