Kusoma mitetemo ya daraja: kutoka wakati hadi masafa

Daraja la waenda kwa miguu la Millennium, jijini London, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na likafungwa siku mbili baadaye, kwa kuwa liliyumba kwa ubavu lilipojaa watu. Masafa ya myumbo huo, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, yalikuwa kati ya takriban hezi 0.5 na 1. Nalitumia daraja hili kwa sababu linaonyesha wazi kwamba kosa lililofanywa wakati wa kurekodi halirekebishiki baadaye kwenye kompyuta.

Hatua ya kwanza: mwelekeo. Mtembeaji hupiga takriban hatua mbili kwa sekunde, lakini mguu wa kushoto husukuma upande mmoja na wa kulia upande wa pili, hivyo msukumo wa ubavuni hujirudia mara moja tu kwa sekunde. Anayepima wima peke yake hatauona ipasavyo. Pima pande zote tatu.

Hatua ya pili: kasi ya sampuli, yaani idadi ya vipimo vinavyochukuliwa kwa sekunde. Kasi hiyo izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo katika ishara, si yale tu unayoyatafuta. Mashine inayotetemeka kwa hezi 70, ikichukuliwa sampuli 100 kwa sekunde, hujitokeza kama hezi 30, na hutaweza tena kuitofautisha na mtetemo halisi wa hezi 30. Ndiyo maana kichujio kinachozuia masafa ya juu huwekwa kabla ya kuchukua sampuli.

Hatua ya tatu: mchoro wa wakati. Utazame kwa macho kabla ya hesabu yoyote. Ondoa wastani, kwani vipima mchapuko vingi (vifaa vinavyopima jinsi kasi ya mwendo inavyobadilika) husoma pia mvutano wa dunia, kisha tafuta vilele vilivyokatwa na miruko ya ghafla ya waya uliolegea. Daraja likiachwa litetemeke lenyewe, mchoro huu pia hukupa kiwango cha kufifia, yaani jinsi mtetemo unavyopungua haraka: kilele kikishuka hadi nusu baada ya mizunguko 10, gawanya logi asilia ya 2 kwa 10, kisha kwa 2π, upate takriban asilimia 1.1.

Hatua ya nne: masafa. Badiliko la Fourier, yaani hesabu inayotenganisha rekodi katika masafa yaliyomo, hutoa mistari iliyoachana kwa kiasi cha 1 gawanya kwa muda wa kipande cha rekodi, hivyo sekunde 10 hutoa nafasi ya hezi 0.1 na sekunde 100 hutoa hezi 0.01. Kwa kuwa mwanzo na mwisho wa kipande havikutani, nishati huvujia mistari ya jirani. Zidisha kipande kwa dirisha la Hann, yaani mkunjo unaoshuka hadi sifuri kwenye ncha zote mbili, ili kupunguza uvujaji huo. Rekodi ya dakika 10 hukatwa vipande 11 vya sekunde 100 vinavyopishana nusu kwa nusu, na wastani wa spektra zake (michoro ya nguvu ya mtetemo kwa kila masafa) hutulia kuliko spektra ya kipande kimoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, natafuta masafa mawili, hezi 0.80 na 0.85. Nimeongeza sampuli kutoka 50 hadi 500 kwa sekunde, lakini bado naona kilele kimoja. Nilirekodi sekunde 15.*

Sekunde 15 hutoa nafasi ya hezi 0.067, ambayo ni kubwa kuliko tofauti unayoitafuta. Kuongeza sampuli hupanua tu upeo wa juu wa masafa. Kujazia sifuri mwishoni nako hulainisha mchoro bila kuongeza taarifa. Rudi darajani ukarekodi angalau sekunde 100. Dirisha la Hann hupanua vilele, kwa hiyo usibane muda.

*Nimejumlisha mchapuko mara mbili ili nipate uhamaji, yaani umbali ambao daraja limesogea, lakini mstari unapanda bila kikomo. Nimekosea wapi?*

Hukukosea hesabu, ndugu yangu. Kujumlisha mara mbili ni sawa na kugawa kwa mraba wa masafa, kwa hiyo kosa dogo kwenye hezi 0.05 hukuzwa mara 100 zaidi ya mtetemo wa hezi 0.5. Chuja kwanza kila kilicho chini ya hezi 0.2, ikiwa daraja lako halina mtetemo hapo. Kichujio hicho kitafuta pia mnepo wa kudumu, yaani kupinda kwa daraja kusikotetemeka, nao hupimwa moja kwa moja kwa vifaa vya upimaji ardhi.