Sakafu ya kiwanda: imwage alfajiri

Hapa Mwanza, zege la sakafu ya kiwanda naanza kulimwaga alfajiri. Ikifika mchana, upepo wa ziwani hukausha uso kabla ya chini kushika, na nyufa ndogo ndogo hutokea papo hapo.

Kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, tandika nailoni, panga nondo juu ya vitofali vya zege zisilale chini. Halafu funga reli za pembeni, zile zinazoongoza usawa wa zege. Hizo ndizo sakafu yenyewe: zikikosea milimita 5, mashine nzito haitakaa sawa. Mimi huzipima kwa leveli ya darubini, si kwa mpira wa maji, na huzirudia tena asubuhi ya kumwaga.

Mwaga, tia vaibreta (mashine ya kutikisa zege itoe hewa), vuta rula ya kusawazisha juu ya reli. Kisha subiri. Maji yatapanda juu yang'ae. Yaache yapotee yenyewe. Usinyunyize saruji kavu kuyanyonya! Kuna kazi moja Nyakato nilikubali kuharakishwa hivyo. Miezi michache baadaye uso ulibambuka kama magamba ya sangara chini ya magurudumu ya foklifti. Iliniuma sana. Maji yakishapotea, kanyaga kwa buti: alama ikiwa na kina cha milimita 3 hadi 6, ingiza mashine ya kulainisha.

Kata jointi, yaani mifereji myembamba ya kuongoza nyufa, ndani ya saa 24, kina robo ya unene wa zege. Funika kwa magunia, mwagilia siku 7. Mashine nzito zisubiri siku 28, hata mwenye kiwanda akinuna.