Makangaga Dodoma: kabla ya kivuli, dhibiti upepo

Anayetaka kijani nyuma ya nyumba hapa Dodoma huambiwa kwamba makangaga, yaani fern, mimea ya majani isiyotoa maua, yanataka kivuli, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Kivuli tunacho, chini ya kila mwarobaini na kila mwembe. Kinachomaliza makangaga ya mji huu ni upepo mkavu wa kiangazi, unaokausha majani upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyanywesha. Juu yake linakuja joto la Oktoba na Novemba, wakati mvua bado. Na mvua zenyewe ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka.

Kwa hiyo kabla ya kununua mche, nenda ukasimame mahali ulipopachagua, saa nane mchana, mwezi wa Agosti. Vumbi likikupiga usoni, hapafai hata kama pana kivuli kizito.

Mahali pazuri kuliko pote ni kona ya upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi, kisha kivuli cha mchana hadi jioni. Tatizo ni kwamba upepo wetu mwingi nao hutokea mashariki na kusini-mashariki, hivyo kona hiyo inahitaji kinga. Ukuta wa uzio unatosha. Ua wa minyaa pia unafaa, ila ukiupogoa linda macho, utomvu wake ni mkali. Upande wa kusini huwadanganya wengi. Mwezi wa Juni una kivuli kizuri, lakini kuanzia Oktoba jua linakuwa limevuka kwenda kusini, na ukuta ule ule unachomwa. Upande wa magharibi uachie mimea mingine.

Kuhusu aina, usivutwe na ile laini kuliko zote. Adiantum, yenye vijani vidogo na vikonyo vyeusi, hukauka ncha ukiigeuzia mgongo wiki moja. Anza na jamii ya Nephrolepis, yenye majani marefu na vijani vilivyopangana pande mbili. Nephrolepis cordifolia ina vinundu mizizini vinavyohifadhi maji, na hiyo ni sifa kubwa kwetu. Cyrtomium falcatum, yenye majani magumu yanayong'aa, nayo huvumilia hewa kavu kuliko wenzake. Vitaluni utauziwa pia Asparagus setaceus kama kangaga. Si kangaga, ni ndugu wa asparaga, una miiba na hutoa maua, lakini kwa ukame wa hapa sina ugomvi nao.

Yako pia makangaga ya asili ya nchi kavu, kama Actiniopteris na Pellaea calomelanos, yanayoota kwenye nyufa za miamba. Actiniopteris hujikunja kiangazi ukadhani imekufa, mvua ikinyesha inafunguka tena. Yaache huko huko mlimani. Ukiling'oa kwenye ufa mzizi unabaki nyuma, na mara nyingi halishiki tena.

Udongo wetu mwekundu hukauka ukawa mgumu kupindukia. Waulize Waingereza walioanzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951; udongo ule na ukame ni miongoni mwa vilivyowashinda, pamoja na matrekta yao yote. Wewe chimba sentimita 40, vunja tabaka gumu la chini, kisha rudishia madebe mawili ya udongo wa juu, mawili ya mboji ya majani na moja la mchanga mnene. Samadi ya zizini tumia kidogo, tena iliyooza kabisa, kwa sababu iliyokaa kavu muda mrefu huwa na chumvi. Majivu usiweke. Usijaze shimo hadi juu: kitalu kiwe chini ya uso wa ardhi kwa sentimita 15 ili maji yakae na upepo upite juu.

Panda mvua zikishakolea, mwishoni mwa Desemba au Januari, umbali wa sentimita 50. Kitovu cha mche, pale majani yanapochomoza, kibaki juu ya udongo, ukikifukia kinaoza. Mche uliolelewa penye unyevunyevu, kama Morogoro au Dar es Salaam, ukae kwanza kibarazani wiki mbili. Yapande kwa kundi, maana makangaga yaliyokaribiana hutunziana unyevu. Tandaza majani makavu au maganda ya karanga kwa unene wa sentimita 5, mbali kidogo na kitovu. Mchwa watayala; ongeza mengine.

Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, nayo huunguza ncha za majani. Kinga maji ya bati. Mvua moja ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 60 hushusha kama lita 1,200. Huna tanki kubwa? Changanya maji ya kisima na ya mvua, na mara moja kwa mwezi mwagilia mengi kwa mkupuo ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Wakati wa mgao, fukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi katikati ya kitalu, shingo ibaki nje, ujaze na kuufunika. Maji yatachuruzika polepole penye mizizi. Maji ya sabuni hapana.

Sasa lile linaloleta wateja kwenye maduka ya dawa za mimea bila sababu: vidoti vya kahawia chini ya jani. Watu hunyunyizia dawa. Kangaga halina maua wala mbegu. Vidoti hivyo ndivyo vinavyobeba spora zake, yaani vumbi laini linalozalia badala ya mbegu. Vikiwa vimepangika kwa mistari, usiguse kitu. Vikiwa vimetawanyika ovyo, vimeshika hadi kwenye vikonyo, na ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka vikiacha unyevu, hao ni wadudu magamba. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha suuza jani.

Septemba majani mengi yakikauka, kata yaliyokufa na uendelee kulowesha shina. Machipukizi mapya huja yamejikunja; usiyashike, huvunjika upesi. Baada ya miaka miwili au mitatu gawanya kundi mwanzoni mwa mvua, kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi. Nephrolepis hutambaa, hivyo ziada mpe jirani au iweke kwenye mboji, usiitupe korongoni.