Kuungama kwa mpendwa mwenzako wakati wa mfungo, bila kuzunguka mbuyu

Wapendwa tukiingia kwenye mfungo tunapanga kila kitu, tutafungua saa ngapi, tunasoma kitabu gani, nani anaongoza maombi ya usiku, ila ikifika kuungama tunapita juu juu, "Bwana tusamehe pale tulipokosa", amina, tunaendelea. Hebu soma Nehemia 9, wale watu walikuwa wamefunga na magunia mwilini, wakasoma torati robo ya siku halafu robo nyingine wakaungama na kuabudu. Kwa mchana wa masaa 12 hiyo ni masaa matatu. Sisi hata dakika tatu hatufiki.

Sasa kumwungamia Mungu ndo msingi, 1 Yohana 1:9 iko wazi na hakuna binadamu anayeongeza kitu kwenye msamaha huo. Ila Yakobo 5:16 nayo ipo, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa", na hiyo ndo naiongelea. Kama kanisani kwenu kuna kitubio kwa padre, hii haichukui nafasi yake.

Kwanza tafuta mtu, mmoja tu anatosha. Awe wa jinsia yako, awe amekomaa kidogo kiimani, na awe anajua kunyamaza. Kumjua ni rahisi, msikilize anavyoongelea wengine. Yule wa "sio kwamba namsema, ila tumwombee fulani jamani..." huyo mpite mbali, maana kesho fulani ni wewe. Pia usichague mtu anayepambana na dhambi hiyohiyo na bado hajainuka, mtaishia kufarijiana tu.

Muda nao angalia. Mimi nashauri mwanzoni mwa mfungo, na mchana au asubuhi mkiwa na nguvu, sio saa ile ya mwisho njaa imeshika na machozi yako karibu, hapo mtu anaropoka hata siri za nyumba ambazo sio zake. Mkutane uso kwa uso. Meseji hapana, skrinishoti haina toba.

Alafu kabla hujaenda jiandae cha kusema. Mwana mpotevu wa kwenye Luka 15 alipanga maneno yake kulekule alikokuwa analisha nguruwe kabla hajaanza safari ya kurudi kwa baba yake, "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako", na alipofika hakubabaika. Andika kwenye karatasi kama inasaidia, ukimaliza ichane.

Hapa ndo wengi tunachemka. Mtu anakaa mbele ya mwenzie anasema "niombee ndugu yangu, nina changamoto kwenye eneo la fedha". Hiyo ni ombi la maombi, bado hajaungama kitu, na mwenzie atamwombea apate kazi nzuri! Kuungama ni hivi: "Nilichukua hela ya kikundi, nikabadilisha namba kwenye daftari, na walipouliza nikadanganya." Basi. Unaona ilivyo fupi? Na kwa sababu ni fupi inauma. Maneno kama udhaifu, changamoto, nilipitiwa, shetani alinipitia, yaweke pembeni kabisa, hata kama shetani kweli alikuwepo wewe ungama sehemu yako. Na ukishasema "nilimtukana mke wangu" weka nukta, ukiongeza "kwa sababu na yeye..." hapo umeshageuka mlalamikaji.

Kusema wazi haimaanishi kusimulia filamu nzima. Kwenye mambo ya uzinzi sema dhambi kwa jina lake, ila vituko vya ndani acha, na jina la uliyekuwa naye usilitaje, hujatumwa kumwungamia. Kama ulimtamani mtu moyoni na yeye hana habari, tafadhali usimfuate kumwambia "nisamehe nilikuwa nakutamani", unamtwisha mzigo bure. Na kusimama mbele ya kanisa zima ni kwa ajili ya kitu kilicholiumiza kanisa zima, vingine vibaki kwa waliohusika.

Ukishaombewa kazi bado. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu, kwa hiyo ile hela ya kikundi irudi na kikundi kiambiwe, maana Mithali 28:13 inasema rehema ni ya yeye "aziungamaye na kuziacha".

Kwa wewe unayesikiliza, kwanza funga mdomo. Usishtuke, usichimbe, usirukie "ah hata mimi" ukageuza kikao kiwe chako. Akimaliza msomee ahadi ya msamaha, muombee palepale kwa roho ya upole kama Wagalatia 6:1, na usiende kwenye grupu kuandika "tumwombee ndugu mmoja amepitia jambo", watu watakisia tu. Kuna siri moja ambayo usiahidi kuitunza, nayo ni kama mtoto anaumizwa au maisha ya mtu yako hatarini, hiyo inaenda kwa wanaohusika na sheria, na mwambie mapema kabla hajaanza. Na mtu akija "kuungama" kwamba alifanyiwa ukatili, mwambie hiyo sio dhambi yake, anahitaji msaada.

Mwisho kabla hamjaachana mkubaliane swali moja utakalomuuliza na siku ya kumuuliza, iwe baada ya mfungo kuisha, mfano "ile hela umerudisha?", na yeye ndo alitunge hilo swali maana anajua anakojificha. Akijibu ameanguka tena, mnapanga siku ya kukaa wiki hiyohiyo, sio mfungo wa mwakani.