Kupeleka mabadiliko ya Power Apps kwa Git na pac, bila kuwavurugia walioko ghalani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye programu ya Power Apps (huduma ya Microsoft ya kujengea programu za kazi) inayotumika tayari, ila kila akitaka kuongeza kitufe anahariri ileile wanayoitumia watu. Nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja mwenye ghala la dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Kijana wake wa mizani alikuwa akipokea magunia huku fomu ikibadilika mkononi mwake. Nachukulia data zako ziko Dataverse (hifadhidata ya Power Apps), Git unaifahamu, na umeshasakinisha zana ya amri iitwayo `pac`.

1. Tenganisha mazingira

Mazingira ni nafasi inayojitegemea yenye programu na data zake. Mawili yanatosha kuanzia: la kujengea na la kazi. La kujengea fungua kwa Mpango wa Developer wa Power Apps, ni bure. Ila usilifanye stoo. Mazingira ya aina hiyo yakikaa muda mrefu bila kuguswa huzimwa, kisha hufutwa. Stoo yako ni Git.

2. Weka kila kitu ndani ya solusheni

Programu, jedwali na mitiririko ya Power Automate (kazi zinazojiendesha zenyewe, kama kutuma ujumbe) viwe ndani ya solusheni moja, yaani kifurushi kinachohamishwa kwa pamoja. Kabla ya kuunda chochote, tengeneza mchapishaji wako (jina la mmiliki wa solusheni) mwenye kiambishi chako, yaani herufi zinazotangulia majina ya majedwali, mfano `kgm`. Ukiacha kile cha mfumo, majedwali yako yatabeba herufi zisizo na maana, na ukibadilisha kiambishi baadaye majina ya zamani hayabadiliki.

3. Toa, fungua, hifadhi

```
pac solution export --name Ghala --path Ghala.zip
pac solution export --name Ghala --path Ghala_managed.zip --managed
pac solution unpack --zipfile Ghala.zip --folder src --packagetype Both
git add src
git commit -m "Safu ya uzito wa gunia"
```

Faili la zipu lenyewe usiliweke kwenye Git, weka `src` tu. Zipu haikuonyeshi nani alibadilisha nini, lakini ukiifungua utaona mengi mstari kwa mstari.

Kuna pia Pipelines za ndani ya Power Platform, za kubofyabofya tu. Ni nzuri, lakini mazingira unayopelekea lazima yawe ya aina inayosimamiwa (Managed Environments), na hayo yanataka leseni za kulipia kwa watumiaji. Kwa ghala la watu wachache sioni sababu. `pac` inatosha.

4. Miunganisho na vigeu (hapa usiwe na haraka)

Ndipo wengi wanapokwama. Programu inaingia salama, inafunguka vizuri, lakini ujumbe wa stakabadhi hauendi kwa mteja. Ukiangalia, mtiririko umezimwa. Hakuna kilichoharibika: mtiririko haubebi muunganisho wenyewe, unabeba rejeo la muunganisho tu. Kule unakopelekwa, rejeo hilo halijui lishike akaunti ipi.

Kwa hiyo ingia kwanza mazingira ya kazi, uunde muunganisho (wa barua pepe, kwa mfano) kwa mkono. Ufungue, kisha nakili kitambulisho chake kutoka kwenye anwani ya kivinjari. Usichukue kile cha mazingira ya kujengea. Kila mazingira yana chake. Halafu:

```
pac solution create-settings --solution-zip Ghala_managed.zip --settings-file kazi.json
```

Utapata faili lenye sehemu mbili: `EnvironmentVariables` na `ConnectionReferences`. Kwenye ya pili jaza `ConnectionId` uliyonakili. Kwenye ya kwanza jaza thamani za mazingira ya kazi: bei ya gunia, barua pepe ya mhasibu, na kadhalika. Nywila au ufunguo wa siri usiuandike humo, kwa sababu faili hili linaingia Git.

Sasa tahadhari.

Kigeu cha mazingira, yaani thamani inayoweza kutofautiana kati ya mazingira, kina thamani ya msingi na thamani ya sasa. Ukiacha thamani ya sasa ndani ya solusheni, itasafiri nayo, na bei yako ya majaribio inaweza kuangukia kwenye stakabadhi za kweli. Kabla ya kutoa, iondoe kwenye solusheni. Iondoe tu, usiifute kabisa.

Muunganisho wa kazi usiwe wa akaunti ya mtu binafsi. Siku akiondoka na akaunti yake ikafungwa, mitiririko yote inasimama. Fungua akaunti ya ofisi.

Na ukifika mahali pa kuiachia GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha amri yenyewe) iingize solusheni kwa utambulisho wa programu badala ya mtu, ushirikishe muunganisho na utambulisho huo. Bila hivyo mtiririko utaingia ukiwa umezimwa, na utarudi kulekule.

5. Ingiza

```
pac solution import --path Ghala_managed.zip --settings-file kazi.json
```

Mazingira ya kazi yapokee solusheni iliyofungwa (ile ya `managed`) peke yake. Mtu akihariri kitu kulekule, mabadiliko yake hukaa juu ya yako na kuyaficha: unaingiza toleo jipya, skrini inabaki ya zamani. Dawa ni kuondoa tabaka hilo la juu kwenye kipengele husika, kisha kumnyang'anya huyo mtu haki ya kuhariri.

Uingizaji wa kawaida haufuti safu ulizoondoa. Ukiongeza `--stage-and-upgrade` zinafutwa pamoja na data zilizomo, kwa hiyo chukua nakala ya mazingira kwanza. Kazi ya namna hiyo ifanye msimu biashara ikipoa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, huo ndio ungekuwa wakati wake.

6. Kurudi nyuma

Toleo jipya likisumbua, usijaribu kuingiza zipu yenye namba ya chini. Rudisha `src` ya zamani kutoka Git, pandisha namba ya toleo ndani ya `Solution.xml` ipite ile iliyoko kazini, kisha:

```
pac solution pack --zipfile Ghala.zip --folder src --packagetype Both
```

Ingiza `Ghala_managed.zip` kama hatua ya 5. Muundo utarudi, lakini data zilizofutwa hazirudi kwa njia hii. Ukimaliza, fungua orodha ya mitiririko uhakikishe yote imewashwa, kisha mwambie kijana wa mizani apokee gunia moja la majaribio kabla ya foleni kuanza.